Mkwe Nje ya Nyumba ya Vioo

"Toka. Amepita."

Mihayo hakutoka. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya miche, shavu kwenye mchanga, kopo la kumwagilia amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Una hakika?"

"Nimeuona mwavuli wake ukielekea Ngokolo. Toka bwana, daftari linasubiri joto la saa tatu."

"Aliangalia ndani?"

"Alibandika pua kwenye kioo," akasema Febronia. "Alama hii hapa."

Mihayo akatambaa nje, akajipangusa magoti, akaitazama alama ile ya pua kana kwamba ni hati ya kuitwa mahakamani.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1954, katika chuo kidogo cha walimu pembeni ya mji wa Shinyanga. Chuo hakikuwa na maktaba wala kengele ya maana, lakini kilikuwa na nyumba ya vioo. Mzungu mmoja wa Songwa aliyekuwa anarudi kwao aliiacha kama zawadi, na mkuu wa kilimo, Mwalimu Bartholomeo, akaamua iwe darasa: humo wanafunzi wangejifunza kuotesha mbegu, kupima joto na kutunza miche kabla hawajaenda kufundisha vijijini. Vioo juu, vioo pande nne, vimekaa juu ya ukuta wa matofali unaofika kimo cha meza. Ukiondoa chini ya meza, hata kuku asingepata pa kujificha.

Mihayo, Msukuma wa hapo hapo mjini, ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Febronia, binti wa Ushirombo aliyekuwa mwaka wa mwisho, alipewa zamu ya asubuhi: kusoma kipimajoto cha Farenhaiti, kuandika nyuzi kwenye daftari, na kuandika maelezo mafupi pembeni. Mapenzi yao yalianzia kwenye hayo maelezo. Siku moja aliandika: *Saa tatu. Nyuzi 96. Miche kumi na mmoja imelala. Mtunzaji naye ana macho ya mtu asiyelala.* Kesho yake akakuta jibu kwa kalamu ya risasi: *Mtunzaji halali tangu zamu hii ianze.* Wiki ya sita Mihayo akamtuma mshenga Ushirombo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kwa kina Febronia, mshenga akishafungua mdomo, mchumba na mama wa binti ni wakwe tayari. Hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanaume anaacha njia na kuingia kichakani mpaka mama apite. Mila hiyo ilitungwa na watu wenye vichaka.

Na sasa mama mwenyewe, Generoza, mjane ambaye wajomba walimwachia neno la mwisho, alikuwa amepanda lori kutoka Ushirombo, amefikia kwa mdogo wake mtaa wa Ngokolo kwa wiki tatu. Alitaka kumjua mkwe kabla hajasema ndiyo. Kwa kuwa hakuruhusiwa kukutana naye, aliamua kupita tu nje, kwa mbali kidogo, amtazame akifanya kazi.

"Jana jioni ameniuliza kitu," Febronia akasema, macho kwenye kipimajoto. "Ameuliza kama mshahara wako unaletewa kwa posta."

"Kwa nini?"

"Anasema amepita mara nne, na mara nne hukuwepo kazini."

"Nilikuwepo."

"Chini ya meza."

"Kwa heshima yake!"

"Heshima hiyo haionekani, Mihayo. Kinachoonekana ni kopo halipo, mtu hayupo, na miche imekufa." Akaandika: *Nyuzi 104.* "Otmar yeye anaonekana."

Otmar alikuwa karani wa chuo. Alivaa soksi ndefu zinazofika magotini na alikuwa na baiskeli yenye taa. Alimtaka Febronia tangu mwaka wa kwanza, ila hakutuma mshenga, na sasa uzembe huo ulimgeukia faida. Kwa kuwa hakuwa mkwe wa mtu, aliruhusiwa kila kitu. Alimsubiri Mama Generoza kona ya ofisi, akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akampa shikamoo ndefu, akambebea kikapu, akamtazama usoni na kumwambia kwamba hali ya hewa ya Ushirombo inawatoa watu wazuri.

"Mama anamsifu?" Mihayo akauliza.

"Anasema walau yeye ana sura."

* * *

Kuhusu miche, mama hakukosea. Ilikuwa inakufa.

Chuo kilikuwa kimeletewa kutoka Uingereza pakiti za mbegu za maua ya kule, yale yanayopandwa baridi inapoisha na kumaliza maisha yake mwaka huo huo. Kulikuwa na petunia, mbegu zake laini kuliko unga wa ulezi, na mengine ambayo ukiyabinya mashavu yanafungua mdomo kama mbwa anayepiga miayo. Pamoja na pakiti kilikuja kitabu. Mwalimu Bartholomeo alikisoma kwa tarehe. Mwezi wa tatu alisoma kurasa za mwezi wa tatu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kufunua mbele, kwa sababu kuruka mwezi ni kumdharau mwandishi.

Kurasa za mwezi wa tatu zilisema madirisha yafungwe.

Mihayo alikwenda kumwona ofisini, akamweleza kwamba ndani kunapikika, kwamba miche inachipua vizuri kisha inalala, na mingine inaoza shingoni.

"Kitabu kinasema yasifunguliwe mpaka barafu ya mwisho ipite," Mwalimu akajibu.

"Mwalimu, hapa Shinyanga barafu ya mwisho ilipita lini?"

Mwalimu Bartholomeo akafikiri. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwaminifu tu, na uaminifu ulikuwa umemkamata pabaya.

"Haijaja bado," akasema. "Ndiyo maana tunaisubiri."

Akamwonya pia kwamba siku ya wageni ilikuwa inakaribia. Yasipokuwepo maua, atatafutwa mtunzaji mwingine. Mihayo akarudi akiwa na hesabu ngumu kichwani. Akifukuzwa kazi, Mama Generoza atampa Febronia mtu mwenye soksi. Akionekana na Mama Generoza, amekosa adabu, na atampa Febronia mtu mwenye soksi. Asipoonekana, ni mvivu, na soksi ziko pale pale.

Mwavuli ukatokea kwenye kona ya jiko la chuo. Mihayo akazama chini ya meza.

Siku hiyo mama alikawia. Alizunguka upande wa mashariki, akarudi upande wa magharibi, akagonga kioo kwa kidole kuona kama ni kizima. Mihayo alilala pale mpaka akazoea kiza cha chini ya meza, na alipozoea, akaona kitu. Sentimita chache mbele ya pua yake kulikuwa na kisanduku kimoja cha petunia ambacho wiki ya kwanza kilikosa nafasi juu, akakisukuma huko na kukisahau. Miche yake ilikuwa imesimama. Ya kijani, minene, majani manne manne.

Febronia alipoingia, sauti ikamwita kutoka chini.

"Njoo huku."

"Nimelelewa na masista, Mihayo."

"Njoo uone miche."

Akachuchumaa, akainua pindo la gauni lisiguse matope, akaangalia. Kisha akaangalia juu ya meza, kwenye maiti.

"Mbegu zile zile?"

"Pakiti ile ile, udongo ule ule. Tofauti ni kivuli. Na huku kuna upepo, nimeusikia shavuni. Mlango haufiki chini." Akajitoa, mchanga kwenye nyusi, macho yanawaka. "Febronia, miche haifi kwa kukosa joto. Tunaichemsha."

"Mwalimu atasema kitabu..."

"Mwalimu atasema. Wewe andika joto."

Mchana ule alichanganya chokaa na maji kwenye debe, akapanda ngazi, akavipaka vioo vyote kutoka nje, juu na pande nne, weupe mwembamba unaopitisha mwanga na kuzuia ukali. Akafungua madirisha ya paa. Akamwaga maji kwenye sakafu. Akaacha kumwagilia jioni, akahamishia asubuhi, ili miche isilale na shingo mbichi. Kisha akapanda mbegu upya.

Nisiwafiche: kuna sababu ya pili ya chokaa ile, na ilikuwa na mwavuli. Sasa mama angepita na kuona kivuli cha mtu kikienda, kikiinama, kikinyanyua kopo. Kazi ataiona. Uso hatauona. Mihayo alilala usingizi wake wa kwanza wa mwezi ule.

* * *

Daftari la wiki iliyofuata linasema hivi, kwa mwandiko wa Febronia:

*Jumatatu. Saa tatu. Nyuzi 83. Mbegu zimechipua. Mtunzaji ameimba.*

*Jumanne. Nyuzi 82. Kwenye kioo cha mashariki kuna tundu limefutwa kwenye chokaa, ukubwa wa mandazi, urefu wa mtu mfupi. Mtunzaji amelipaka.*

*Jumatano. Nyuzi 82. Tundu limerudi. Miche iliyo mkabala nalo imeungua mstari mmoja.*

*Alhamisi. Nyuzi 81. Tundu limerudi tena. Mwandishi anamfahamu mwenye kidole lakini hatamtaja.*

Mwalimu Bartholomeo alikuja Alhamisi hiyo hiyo. Alisimama mbele ya nyumba nyeupe akiwa amekishika kitabu kwa mikono miwili. Aliuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, kama Mihayo anajua vioo vile vimetoka wapi, na kama anadhani Mzungu alivuka bahari na vioo ili vije kugeuzwa ukuta wa choo. Akasema atamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Kisha akaingia ndani, akaiona miche.

Aliitazama muda mrefu. Akagusa mmoja. Haukulala.

Febronia, aliyekuwa kwenye zamu yake, akaona nafasi. "Mwalimu, naomba radhi. Je, kitabu kinasemaje mwezi wa saba? Kule kwao jua likiwa kali?"

"Huu ni mwezi wa tatu."

"Kwa kalenda. Kwa kipimajoto je?"

Mwalimu akatazama kulia, akatazama kushoto, akafunua mbele kama mtu anayefungua barua ya jirani. Akasoma. Midomo yake ikasogea. Ukurasa wa mia na tisa ulisema jua likizidi, vioo vipakwe chokaa na madirisha ya juu yaachwe wazi.

"Sikuwa nimefika hapa," akasema.

Barua ya kuachishwa kazi haikuandikwa. Lakini Otmar alikuwa amesikia nusu ya mazungumzo kwenye dirisha la ofisi, na nusu ilimtosha.

* * *

Jumamosi asubuhi Otmar alimsubiri Mama Generoza akiwa amesimamisha baiskeli. Alimweleza kwa upole kwamba yeye si mtu wa maneno. Anauliza tu kama mwenye kuuliza: mwanaume mwenye kazi ya halali anapaka vioo rangi ili afiche nini? Maua hayana aibu. Akaongeza kwamba kila asubuhi, saa tatu kasoro, sauti ya mwanamke husikika ikicheka mle ndani.

Kwa bahati mbaya, hilo lilikuwa kweli, na mwanamke mwenyewe alikuwa Febronia. Alikuwa hajamwambia mama yake kwamba zamu yake ya asubuhi iko kwenye nyumba ya vioo, peke yake na mchumba. Alimwambia yuko darasani. Na asubuhi hiyo Mihayo alikuwa ameshaliziba tundu la mama kwa chokaa nzito, hata kidole kisingepita.

Mama Generoza akasimama nje. Akaona vivuli viwili. Kimoja kirefu. Cha pili kina kilemba, na kinacheka.

"Mimi sisemi kitu, mama," Otmar akanong'ona nyuma yake. "Naonyesha tu."

Mama akafunga mwavuli. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyezika mume na kulima shamba lake mwenyewe, na mlango ule wa mbao nyembamba haukuwa wa kumpa taabu.

Ndani, Mihayo alisikia kishindo. Akaruka kwenda chini ya meza. Chini ya meza kulikuwa kumejaa. Wiki nzima alikuwa amepanga visanduku huko. Akatazama huku na huku. Akaona debe. Akalinyakua, akalivaa kichwani mpaka mabegani.

Lilikuwa debe la chokaa. Lilikuwa na chokaa.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" Mama Generoza akauliza.

"Shikamoo, mama," akasema Febronia, daftari mkononi.

Mama hakuitikia. Alimtazama binti yake. Akamtazama mtu mrefu mwenye debe, chokaa ikimshuka taratibu kwenye shati, kwenye kaptula, mpaka viatuni.

"Wewe si uko darasani?"

"Darasa ndilo hili, mama. Napima joto. Nilikuficha, nisamehe. Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza."

"Ndiyo maana."

Otmar alikuwa mlangoni, shingo imerefuka. Hakutegemea mwanamke awe huyo. Mama Generoza akavuta pumzi. Kumsemesha mkwe moja kwa moja hakuwezekani, hata kama mkwe yuko hatua mbili tu na anadondoka chokaa. Akamgeukia binti yake.

"Muulize mwenye debe. Nimekuja hapa wiki tatu. Kwa nini, kabla ya chokaa hii, kila nikipita hayupo kazini?"

"Mihayo, mama anauliza..."

"Nimesikia," likajibu debe, kwa mwangwi. "Mwambie mama nilikuwepo. Nilikuwa chini ya meza."

"Anasema alikuwa chini..."

"Nami nimesikia. Muulize alikuwa anatafuta nini chini ya meza."

Debe likainama. Chokaa ikadondoka mara tatu.

"Mwambie nilikuwa nampisha njia."

Febronia hakurudia. Hakuna aliyehitaji arudie. Mama Generoza akainama polepole, mkono kwenye nyonga, akasogeza kisanduku kimoja kwa ncha ya mwavuli, akachungulia chini ya meza. Kwenye mchanga kulikuwa na shimo refu la mwili wa mtu, limekandamizwa na kulaliwa tena na tena: hapa viwiko, hapa magoti, hapa shavu.

Alilitazama muda mrefu kuliko Mwalimu alivyoitazama miche.

"Mara ngapi?" akauliza. Akasahau kupitisha swali kwa Febronia.

Debe likatikisika. Lilikuwa linahesabu. "Mwambie mama, mara kumi na saba."

Mama Generoza akavuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake akiwa amemgeuzia mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika. Febronia alidhani analia, akamsogelea, kumbe anacheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Basi aliyevunja mila ni mimi," akasema. "Nimemvamia mkwe wangu kwake, na mwavuli."

Otmar akakohoa. Akasema hata hivyo, mama, kama akiruhusiwa kutoa mawazo, swali la tabia linabaki pale pale, na yeye kwa upande wake amekuwa akionyesha heshima waziwazi, kila siku, bila kujificha.

"Ni kweli, mwanangu," Mama Generoza akasema. Akamgeukia, akamtazama kuanzia kofia mpaka soksi. "Wiki tatu umenitazama usoni bila hata kupepesa. Umenibebea kikapu. Umenishika mkono. Na bado unasema unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, mama."

"Humtaki. Mtu anayemtaka binti yangu angeniogopa."

Baiskeli ilisikika ikiondoka. Taa yake iligonga kitu njiani, na hakuna aliyetoka kwenda kuangalia.

"Febronia," mama akasema, "mwambie mwenye debe narudi Ushirombo na lori la kesho. Mwambie wajomba watapata jibu langu, na jibu ni ndiyo. Mwambie alivue debe nikishafika kwenye lile jiko, si kabla. Na hapo kwenye kona hii miche yake imeungua mstari mmoja. Mwambie ni kosa langu."

"Mwambie mama ahsante," likasema debe.

"Nimesikia," akasema Mama Generoza, akafungua mwavuli.

Jioni akamtuma mdogo wake na kuku mweupe, fidia ya kuvunja mila. Mihayo akarudisha kisanduku cha petunia zilizokwisha kukatwa ncha ili zitawanye matawi, na maelekezo: maji asubuhi, kivuli mchana, zizoeshwe jua kidogo kidogo, siku ya kwanza saa moja tu.

* * *

Siku ya wageni maua yalikuwepo, meza tatu, zambarau na meupe, na Mwalimu Bartholomeo alihutubia kuhusu ukurasa wa mia na tisa kana kwamba ameuandika yeye. Arusi ilifungwa Ushirombo mwezi wa sita. Maua yalisafiri kwa lori yakiwa yamefunikwa magunia mabichi, na kanisani bwana arusi alikaa upande wa kulia, mama mkwe upande wa kushoto, nguzo katikati, kila mmoja ameridhika.

Mama Generoza alianza kuja Shinyanga kila mwaka, msimu wa kupanda. Na kila mwaka, Mihayo akipaka chokaa, aliacha sehemu moja kwenye kioo cha mashariki bila kuigusa, ukubwa wa mandazi, urefu wa mtu mfupi. Chini yake hakuweka miche. Mwavuli ukitokea kwenye kona ya jiko, alichukua kopo, akasimama mbele ya tundu lile, akaligeuzia mgongo, akaendelea kumwagilia, polepole, kazi yote ionekane.

Febronia, ambaye sasa ndiye aliyefundisha darasa lile, aliandika kwenye daftari:

*Saa tatu. Nyuzi 80. Madirisha wazi. Mama amepita, amekuta mtu kazini.*